Benchi la Nyuma Kule Kabazi

Juzi walibomoa kanisa letu la mbao kule Kabazi, nami nikapanda kutoka Nakuru kwenda kulilia. Nilikuwa nimebeba leso mbili kabisa, rafiki yangu. Nilipofika, mabati yalikuwa yameshushwa, mbao zimepangwa pembeni kama kuni za harusi, na mafundi wa lile kanisa jipya la mawe wamekaa chini wanakunywa chai. Mmoja akaniuliza, "Mathe, umekuja kununua mbao?" Kununua! Mimi niliyeingia kanisa hilo nikiwa mgongoni, nimefungwa kwa leso kama mzigo wa viazi! Nilikuwa najiandaa kumjibu vizuri nikaona kitu nyuma yake. Benchi la nyuma, lile la mutarakwa, ule mti mwekundu unaonuka kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Limelala chali kwenye nyasi, miguu juu.

Wewe hukulijua benchi hilo, basi kaa nikueleze.

Nililelewa kwa Shosho, nyanya yangu mzaa baba, katika miaka ambayo viazi vya Kabazi vilikuwa vikubwa hivi kwamba kimoja kilitosha watu sita na mbwa. Asubuhi ukungu ulijaa bonde lote, ukitoka nje husikii kitu ila maziwa yakigonga ndoo. Jikoni kulikuwa na githeri, mahindi na maharagwe, inayochemka tangu, naamini, enzi za Nuhu. Na ukuta wa jikoni, mweusi kwa moshi, ulikuwa na safu ya misumari. Kila msumari kikombe cha bati, kila kikombe na mwenyewe. Vikombe vya wageni vilikaa kabatini, vya udongo, vyenye maua. Mgeni aliheshimiwa na maua yake. Lakini ukipewa msumari, wewe umekuwa wa nyumba, na hata kama umesafiri mwaka mzima kikombe chako hakinywewi na mtu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku. Kwaya ya kanisa ilifanyia mazoezi uani kwetu, kwa sababu Shosho alikuwa amewaambia, "Njooni muimbe hapa, lakini kwangu hakuna kuimba na mikono mitupu." Basi waliimba wakipukuchua mahindi yake. Wanawake, sauti ya kwanza na ya pili, walikaa kwenye mkeka wakitoa punje kwa vidole. Wanaume, sauti ya tatu, walipiga magunia kwa fimbo. Mdundo ulikuwa ni hizo fimbo. Ukikosea, ulimpiga mwenzako vidole, kwa hivyo kwaya yetu haikukosea sana. Sisi watoto tulilishwa mahindi ya kuchoma ili tunyamaze.

Aliyewaongoza alikuwa Anko, mdogo wake Baba, kitinda mimba wa Shosho. Alisimama juu ya debe lililopinduliwa, mwembamba kama mpini wa jembe. Sauti ya nne, ile nzito ya chini, ilikuwa yake peke yake, na haikuhitaji mwingine. Nakuapia Anko akifungua kinywa ng'ombe waliacha kucheua. Sauti ilishuka mpaka Subukia, ikapita sokoni, ikarudi na bei ya vitunguu. Alimtungia Shosho wimbo, wa watu wanaorudi kutoka shambani jioni. Wanawake wanaanza polepole, wanaume wanafuata, halafu wote wananyamaza, na katika kimya hicho besi inaingia peke yake, kama mwenye boma akifika nyumbani. Shosho hakuwahi kuusikia bila kuinua aproni na kujifuta macho. "Moshi huu," angesema. Moto ulikuwa ndani, yeye nje.

Katika sauti ya tatu kulikuwa na fundi wa nguo, aliyekuwa na kibanda Subukia na ndiye aliyeshona sare za kwaya. Mtu wa utani, mwenye uzi begani kila wakati. Alikuja kila Jumamosi kabla ya wengine na kuondoka baada yao, na gunia alibeba bila kuambiwa. Siku moja Shosho akachukua nyundo, akapiga msumari mpya kando ya ule wa Anko. Hakutoa hotuba. Akatundika kikombe, akarudi kwa githeri yake.

Sasa, kanisani kulikuwa na mawazo kwamba mwalimu wa kwaya hawezi kukaa bila jiko. Wazee walimwita Anko wakamwuliza ataoa lini. Akasema hataoa. Wakamwuliza, kwa kuzunguka sana, kuhusu yule fundi. Hapo, rafiki yangu, mtu mwingine yeyote wa bonde lile angejua la kufanya. Angecheka, aseme bado anatafuta, na wazee wangecheka pia, maana hawakutaka kabisa kusikia zaidi ya hapo. Anko aliwajibu, "Nyinyi mlinibatiza. Siwezi kuwadanganya humu ndani. Ninampenda." Inasemekana mzee mmoja alishika kichwa akalia kama mtoto: "Lakini kijana, si ungesema tu bado unatafuta!"

Kwetu aliyekosea alikuwa na benchi lake. Ndilo hilo la nyuma, karibu na mlango. Msichana aliyepata mimba, mzee aliyerudia chupa, wote walipita pale. Unawekwa kando, hushiriki Meza ya Bwana, huimbi kwaya, mpaka siku utakaposimama mbele ya watu utubu, upigiwe makofi, urudi mahali pako. Watu hawakukaa sana. Miezi michache na benchi linabaki tupu.

Jumapili ile Anko akakaa nyuma. Kwaya ikasimama bila sauti ya nne, ikaimba kama gari la punda lililopoteza gurudumu. Na Shosho, mwenyekiti wa akina mama, aliyekaa mbele kabisa na kitambaa chake cheupe tangu kanisa lilipojengwa, akainuka katikati ya wimbo. Akachukua Biblia, akachukua mto wake wa kukalia, akatembea mpaka nyuma, akakaa kando ya mwanawe. Jirani yetu wa mpakani akamfuata mbio akimnong'onezea, na kunong'ona kwake kulisikika Salgaa.

"Mama, hapa sio pahali pako! Wewe hujatengwa!"

"Najua sijatengwa," Shosho akasema. "Nimezeeka miguu. Hapa mlango uko karibu."

Mchungaji alikuja nyumbani wiki hiyo. Usimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mpole, aliyezika babu yangu kwenye mvua bila mwavuli. Alipewa kikombe cha maua, akakizungusha sana mikononi.

"Mama, mimi siwezi kubadilisha Neno."

"Sijakuambia ulibadilishe. Naisoma Biblia hiyo hiyo yako, na pale unaposoma wewe hata mimi nimesoma, na nimelala na hayo maneno nikaamka nayo."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Wewe fanya kazi yako, Mchungaji. Mimi ni mama yake. Hiyo nayo ni kazi, na nilipewa na huyo huyo aliyekupa yako. Ongeza chai?"

Akaongeza. Alipoondoka alimsalimia Anko kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii kweli jikoni kulikuwa na moshi.

Baba yangu hakuwa na upole huo. Alikuwa kifungua mimba, mwenye jina la nyumba mabegani. Alikuja kutoka Nakuru akiwa amenyooka kama mlingoti. "Mama, utatuua na aibu," akasema. Akakitoa kikombe cha fundi kwenye msumari, akakitupa nje, kikaangukia kwenye majani ya malenge. Shosho akatoka, akakichukua, akakiosha, akakitundika. Baba akakitupa tena. Shosho akatoka tena. Mchezo huo ungechekesha kama si sura zao. Mwishowe Baba akaondoka bila kunywa chai, na kikombe chake mwenyewe kikabaki kimejaa, kinapoa.

Fundi alifunga kibanda akateremka Naivasha. Anko akabaki miezi kadhaa, Jumapili baada ya Jumapili, yeye na mama yake kwenye benchi lile. Halafu akaniambia mimi, tukichambua maharagwe, "Nikikaa hapa, mama hatarudi mbele. Pahali pake ni mbele." Jumatatu hiyo akaenda Karagita, kule Naivasha, kwenye mashamba ya maua, ili mama yake arudishiwe kiti chake.

Na hapo ndipo walipopishana njia, watu wawili waliopendana kuliko wote niliowahi kuwaona. Maana Jumapili iliyofuata Shosho aliingia kanisani, akina mama wakamsogelea na kumpisha, na yeye akapita, akaenda nyuma. Akaweka mto wake mahali pake, akaweka Biblia kando, mahali pa Anko. "Akirudi atakaa wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye mjinga. Anko kule anangoja mama arudi mbele ndipo naye aone amefanya la maana. Mama huku anangoja nyuma ili mwana akute nafasi. Nilitaka kumpelekea Anko habari, lakini Shosho alinikataza. "Usimwambie niko nyuma. Atahuzunika." Walikuwa wakipigiana simu kila wiki, wakicheka, wakiulizana habari za mvua. Hilo moja hawakuambiana.

Alikalia benchi hilo mpaka alipokufa.

Anko alikuja mazikoni. Aliingia kimya, akatafuta pa kukaa, na watu wote walikuwa wamejibana kila mahali isipokuwa pale nyuma, ambapo mto wa Shosho ulikuwa ungali umewekwa na hakuna aliyethubutu kuukalia. Nilimwona akiutazama. Nilimwona akielewa. Kwaya ikaanza wimbo wa Shosho. Wanawake wakaingia, wanaume wakaingia, wote wakanyamaza, na ninaamini walikusudia kuruka kile kipande kama walivyozoea. Besi ikatoka nyuma. Hakuna aliyegeuka. Mchungaji, mzee sasa, alifumba macho na kuinamisha kichwa mpaka ikaisha. Anko akatoka kwa ule mlango ulio karibu, akarudi Karagita, na tangu siku hiyo hajapanda tena Kabazi.

Leo haya maneno yanasemwa kila mahali. Katika kanisa letu hapa Nakuru kuna anayepiga meza na kuna anayelia, na wote wameshika kitabu kimoja. Mimi nilimaliza masomo shule ya usiku nikiwa na watoto watatu, siwezi kuwasahihisha wenye digrii za dini. Kanisa jipya la Kabazi litakuwa na viti vya plastiki, vya kupangwa na kupanguliwa, kwa hivyo hakutakuwa na benchi la nyuma tena. Sijui kama hiyo ni heri. Aliyewekwa nyuma alikuwa bado ndani. Na jikoni kwa Shosho kumeota nyasi, misumari imeliwa na kutu, na Jumamosi za Kabazi mahindi yanapukuchuliwa na mashine inayonguruma ikiwa na sauti moja tu.

Nililileta benchi hapa nyumbani juu ya pikapu. Nimeliweka sebuleni na mabinti zangu wanaona aibu nalo. Jumapili iliyopita Baba alikuja. Ni mzee, fimbo mkononi, ule mlingoti umepinda. Makochi yote yapo, yeye akaenda moja kwa moja kwenye benchi. Akaketi karibu na mwisho, akapapasa mbao, kisha akasogea kidogo pembeni, akaacha nafasi kando yake. Akaanza kuvumisha ule wimbo wa Shosho, kwa sauti yake ya trekta. Sehemu ya wanawake, sehemu ya wanaume. Akafika pale panaponyamaziwa, akanyamaza.

Tulingoja, mimi na yeye. Nje jirani alikuwa anafua.

"Bado anaimba?" akaniuliza.

Rafiki yangu, mimi unanijua, mimi ni mtu wa kuongeza chumvi hata Ziwa Nakuru. Kwa swali hilo nilikosa hata chembe. Nikamwambia sijui, Baba. Akatikisa kichwa, lakini hakusogea kuijaza ile nafasi.