Niliyoyapima Marekani na Malta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio yananiwaka moto, nami ni mtu mzima mwenye wajukuu. Ilikuwa nyumbani kwetu Ibra, hapa Oman, baada ya sala ya alasiri, na nilikuwa nimerudi kutoka safari ndefu kuliko zote nilizopata kusafiri. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeajiriwa karibuni katika idara ya kupima ardhi, na nilijiona hakuna kitu duniani nisichoweza kukipima.

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Mdogo wangu Thuraya alikuwa amemaliza masomo ya ualimu, na posa mbili zikaja katika mwezi mmoja. Zote zilitoka kwa vijana wa ukoo wetu, maana sisi tuliotoka Unguja tumetawanyika, huyu yuko Sur, huyu Bahla, huyu ughaibuni. Nassor alikuwa mhandisi Marekani, katika mji mmoja wa Texas. Khalfan alikuwa Malta, kile kisiwa kidogo kilicho kati ya Italia na Libya, akifanya kazi kwenye karakana ya kutengeneza meli. Baba akasema posa haijibiwi mpaka mtu wa nyumbani aende akaone hali ya mwoaji, na akanikatia tiketi mimi. Thuraya hakusema mengi. Siku naondoka alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Kaka, ukifika huko nitazamie mimi, usiwatazame wao tu." Nikamwitikia ndiyo, wala sikuelewa anataka nini.

Sasa nikwambie jambo la desturi yetu, kwa kuwa ndilo lililoniponza. Huku kwetu Oman, mgeni akikaa na mwenyeji, kabla ya lolote huulizana ulum, yaani habari za kule atokako kila mmoja. Na jibu lake linajulikana kabla halijatoka mdomoni: hakuna neno, kheri tupu, alhamdulillah. Mtu hata kama jana amezika, kwanza atasema kheri. Ni adabu, na adabu nzuri, kwa sababu humpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi kabla hajafungua moyo. Lakini kijana mpumbavu huichukua ile adabu akaifanya ripoti.

Nikafika Marekani. Nassor alinipokea kwa heshima zote, na nyumba yake, wallahi, ilinitoa macho. Vyumba vitano, ua wa majani mabichi mbele na nyuma, gari mbili, na friji la milango miwili linalomimina barafu lenyewe. Barabara zao pana hata wadi yetu ya Ibra, lile bonde la mto mkavu, ingeingia ikapotea. Nilimuuliza ulum, akanijibu kheri. Nilikaa siku mbili, nikala nyama ya kuchoma mpaka nikaona haya. Nikaandika yote katika kijitabu changu, hata upana wa sebule, maana niliipima kwa hatua alipokwenda kuoga.

Nikafika Malta. Khalfan alikuwa akikaa ghorofa ya tatu bila lifti, jiko lake wawili hawapishani, na kigari chake kizee kikipigwa na jua la chumvi mtaani. Nyumba za kule ni za mawe ya rangi ya samli, zimebanana, na wazee huweka viti nje ya milango jioni wakazungumza lugha ambayo ukisikiliza vizuri unaokota maneno ya Kiarabu humo. Mvua kwao ni haba kama kwetu, na nyumba za zamani zina visima vya kukusanyia maji yake. Moyo wangu ulipapenda, nisiseme uwongo. Lakini moyo haukuwa na ukurasa katika kile kijitabu. Nikauliza ulum, nikajibiwa kheri, nikala mkate na samaki siku mbili, nikaondoka.

Basi ndiyo nimekaa siku hiyo sebuleni kwetu, baba kulia kwangu, mama na Thuraya upande wa pili, na Bibi Zuwena, mama yake baba, akimimina kahawa. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye ulimi wa Unguja mjini ambao miaka ya Oman haikuufanya kitu. Nikafungua kijitabu nikasoma. Nikasoma vyumba, nikasoma gari, nikasoma friji. Kisha nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Hapa hapana la kujadili. Watu wa Amerika wana hali njema, watu wa Malta wanajikongoja. Thuraya aende kwa Nassor."

Bibi akaweka birika la kahawa chini.

"Ahsante, mjukuu wangu," akasema. "Sasa hebu n'ambie. Hivyo vyumba vitano, vinalala nani?"

Nikajibu kwamba analala Nassor.

"Na vine?"

Nikakumbuka kwamba milango mitatu ilikuwa imefungwa muda wote, na chumba nilicholala mimi hakikuwa na kitu ila godoro lililokuwa bado na karatasi yake ya dukani.

"Akipatwa na homa nani humpikia uji? Jirani yake jina lake nani? Na huyu wa Malta, akitaka kupanda cheo kazini, anapanda? Mwanetu msomi, huko atasomesha nani?"

Nikajitetea kwamba niliwauliza hali zao na wote wawili walisema kheri.

"We umekwenda na salamu umerudi na salamu," akasema Bibi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. We hukupewa jembe hata kwa mmoja. Mie nilipoposwa Unguja, watu wetu walikwenda wakautazama mlango. Mlango wa nakshi, una misumari ya shaba, hata Wazungu wakija kuupiga picha. Wakarudi wakisifu. Miaka mitatu nilichemsha muhogo mkavu nyuma ya mlango ule, na kila anon'uliza hali namwambia kheri. Wazee wamesema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

Tangu nizaliwe sikuwahi kulisikia hilo. Hata baba, mwanawe wa kumzaa, alimtazama kama anamwona siku ile. Mimi niliona aibu ya kweli, mwanangu. Nilikuwa karibu nimwoze mdogo wangu kwa friji.

Bibi akasema watu wale wapigiwe simu, na mara hii wasiulizwe ulum. Baba akasita. Kwetu kumuuliza mwanamume akiumwa anahudumiwa na nani ni kama kumpekua mifuko. Lakini penye wazee hapaharibiki neno, na baba hakupata kumpinga mama yake. Aliyezungumza ni Thuraya mwenyewe, sisi sote tumekaa hapo tunasikia, na hapo ndipo nilipoelewa alichoniomba mlangoni.

Alianza na Khalfan. Khalfan akacheka kwanza, kisha akajibu kama mtu aliyesubiri kuulizwa. Akasema akiumwa anakwenda kituo cha afya na hawamuulizi ila jina lake, na bi kizee wa ghorofa ya chini humletea supu hata asipoitaka. "Lakini mshahara ni wa kubana mkanda," akasema. "Watu wa hapa wenyewe wengi wanafanya kazi mbili. Kila mwaka natafuta nyumba ya kununua na kila mwaka bei inanikimbia. Na kupanda cheo, dada yangu, mpaka mtu afe."

Baada ya hapo akampigia Nassor. Nassor akasema, "Nikiumwa nakwenda kazini hivyo hivyo. Matibabu ya hapa yanafungamana na kazi, kazi ikikatika na bima yake imekatika. Jirani namjua mmoja tu, mzee, ana miaka sabini na bado anasimama dukani akiuza. Nyumba hii niliichukua nikidhani nikiwa na nyumba nitakuwa na watu." Tukasikia anavuta pumzi. "Ila nitakwambia na la pili. Nilikuja na sanduku moja, na hakuna aliyeniuliza mtoto wa nani kabla ya kunipa kazi. Ukitaka kusoma hapa ukawa kitu ambacho ukoo wetu hawajapata kukiona, mlango upo. Kuusukuma ni kuzito, lakini upo."

Thuraya akaomba siku tatu. Sisi sote tulikuwa tumeshahamia Malta mioyoni mwetu, mimi wa kwanza, kwa sababu mjinga akiondoka kwenye kosa moja hukimbilia la upande wa pili. Siku ya tatu akatoka chumbani akasema anamtaka Nassor, kwa sharti moja: aiache ile nyumba kubwa, wakakae mahali padogo penye watu karibu, ili wasiwe watumwa wa vyumba. Akasema kule anaweza kusoma zaidi, na yeye kusoma hajamaliza. Bibi alilia, kwani Malta ilikuwa karibu zaidi na umri wake ulikuwa umekwenda, lakini hakusema neno la kumzuia. Nassor alipopelekewa sharti lile alicheka, na mama akasema, "Kijana huyu hajacheka siku nyingi, nimemsikia."

Khalfan naye hakuharibikiwa. Alioa huko huko binti wa Kilibya, wana watoto wanne, na nyumba hatimaye aliipata, ndogo, ngazi ni zile zile.

Sasa sikiliza lililotokea baada ya miaka minne. Nassor kazi ilikatika kweli. Thuraya alikuwa na mimba kubwa na masomo hajayamaliza. Sisi hatukujua. Nikapiga simu siku ya Ijumaa kama kawaida yangu, nikauliza, "Khabari zenu huko?" Nikangoja lile jibu letu.

Thuraya akasema, "Kaka, si nzuri."

Mwanangu, nilikaa chini. Katika maisha yangu yote hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kunijibu hivyo kutoka ughaibuni. Watu walikuwa wakiumwa, wakifukuzwa, wakilala na njaa, na sisi huku tukipokea kheri juu ya kheri mpaka siku tunapoletewa msiba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Thuraya hakuficha, na kwa kuwa hakuficha, mama alikuwa ndani ya ndege kabla ya wiki kwisha, na mimi na baba tukafanya lililokuwa letu la kutuma pesa. Mama alipofika akakuta jambo ambalo hatukulitarajia. Majirani wa Kimarekani wa mtaa ule mdogo walikohamia, watu tuliodhani hawajuani, walikuwa wakipeana zamu kuleta chakula mlangoni, bakuli limefunikwa, limeandikwa kwamba halina nguruwe. Nao pia Thuraya alikuwa amewaambia si nzuri. Mtoto akazaliwa salama, Nassor akapata kazi nyingine baada ya miezi kadhaa, na mdogo wangu leo ni mwalimu wa chuo kikuu, na mtu yeyote akimwuliza hali humpa hali.

Nimekueleza yote haya kwa sababu juzi kijana mmoja wa ukoo alikuja kwangu Nizwa, ninakoishi sasa, na simu yake, ana orodha ya nchi zimepangwa safu, Marekani juu, Malta chini yake, akaniuliza wapi watu wana maisha mazuri zaidi. Sikumdharau. Safu zile zina kazi yake, kama ilivyokuwa na kazi yake kamba yangu ya kupimia. Pato kubwa ni neema, na atakayekwambia pesa si kitu, mtazame kama yeye ameacha kuzitafuta. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na safu hazilali kitandani.

Ukitaka kujua hali ya watu, usiishie kwenye walicho nacho siku ya mgeni. Waulize siku ya homa inakuwaje. Waulize kazi ikikatika nini kinakatika pamoja nayo, na kijana asiye na mjomba mkubwa anafika wapi, na mzee wa miaka sabini amekaa au amesimama. Utakuta Marekani inaizidi Malta hapa, na Malta inaizidi Marekani pale, na kwetu sisi hapa Oman tuna letu la kushukuru na letu la kuonea haya. Kisha jiulize wewe ni mtu gani, kwa sababu nchi iliyomfaa Khalfan isingemtosha Thuraya. Na popote utakapokaa, hata pawe na uhaba gani wa watu, nenda kagonge mlango wa jirani kabla hujamhitaji. Adabu ya kusema kheri usiiache, mwanangu, ni urithi. Ila uwe na watu wawili watatu duniani ambao kwao ruhusa ya kusema kweli haijafungwa, na uwe wewe mtu wa namna hiyo kwa wengine.

Mola akupe riziki pana na kifua kipana zaidi yake. Akuepushe na nyumba ya kutazamwa, akujaalie nyumba ambayo ukisema ndani yake kwamba unaumwa, kuna anayesikia. Amin.