Mafuta ya Kukatia Mkwaju

Kwa Kutbuddin huingii ukanunua oili ukatoka. Unahojiwa kwanza. Duka lake la vyuma, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, limejaa makopo ya oili kutoka sakafuni hadi darini, na kila kopo lina hotuba yake. Madereva wa malori ya Shimanzi, watu wenye haraka zao, wamesimama pale wakielezwa uzito na wepesi wa oili mpaka wakasahau walichofuata. Mwenyewe anaona anawapa zawadi. Aliyefaulu kuziepa hotuba hizo ni mkewe tu, Hajrabai, ambaye mumewe akianza hukumbuka kitu jikoni.

Mwaka huu mkwaju wa uani kwao Tudor uliliwa na mchwa, ukaanza kuinamia nyumba ya jirani. Ulipandwa na marehemu mama yake Hajrabai, na chatini ya nyumba ile haikujua ukwaju mwingine. Hajrabai aliukatalia msumeno kwa muda mrefu. Mwisho alikubali kwa sharti moja: shina litoe kigogo cha kukatia nyama.

"Jikoni naingia kila siku," alimwambia mumewe. "Nitakuwa naye mama kila siku."

Akaitwa Chirau, mkata miti, akaja na msumeno wake wa mashine na kidumu cha kitu cheusi.

"Hiyo ni nini, Bwana Chirau?" Kutbuddin akauliza.

"Oili chafu, Bwana Kutbu. Imetolewa kwenye injini ya lori. Nalainishia mnyororo."

Kutbuddin alishika kichwa. Chirau akaelezwa kwamba oili ya kuchanganya na petroli ni ya injini, na mnyororo nao una yake, nzito, yenye mnato, inayong'ang'ania isirushwe. Na kwamba oili chafu ina ungaunga wa chuma, hutafuna mnyororo na upanga, ule ubapa unaozungukwa nao. Maskini Chirau alivua kofia akakalia ndoo, maana aliona safari ni ndefu. Kisha Kutbuddin alikwenda mwenyewe dukani, akarudi na kopo la bei kali kuliko yote. Haki yake apewe: msumeno ulikata kama siagi, na mkwaju ukashuka salama.

Kumbe mchwa walikuwa wamelila shina ndani. Palipobaki pazima palitosha vigogo viwili tu. Chirau akakata cha kwanza, na Kutbuddin akakibeba jikoni kifua mbele.

Hajrabai alikiinamia, akanusa.

"Baba Alefiya, hiki chanuka gereji."

"Hayo ni mafuta bora kabisa, Mama Alefiya. Mnato wake—"

"Na nyama ya mbuzi itajuaje kuwa ni bora?"

Chirau alikipiga randa juu na chini, lakini mti mbichi ulikuwa umekwisha kuyanywa mafuta, na harufu haikutoka. Hajrabai hakugomba. Aligeukia sinki akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na hilo lilimuumiza Kutbuddin kuliko ugomvi. Aliona haya kwelikweli. Maisha yake yote amewauliza watu mashine gani, injini gani, na hajawahi kumuuliza mtu mti wenyewe unakwenda kufanya nini. Sasa kilibaki kigogo kimoja.

Alirudi mlangoni pa jikoni.

"Nipe mafuta ya uto."

"Ya nini?"

"Ya msumeno."

Hajrabai akakausha mikono polepole. "Mashine yenyewe ni ya petroli ama ya stima? Upanga wake urefu gani? Na jua la leo unaliona ni kali, au la wastani?"

Kutbuddin alijibu yote, moja baada ya jingine, kwa adabu. Akapewa chupa.

Yeye na Chirau walimwaga mafuta yaliyokuwamo, wakauvua mnyororo, wakauosha pamoja na upanga kwa sabuni na maji ya moto, wakaukausha, wakatia ya uto. Kanzu nyeupe ya mwenye duka ikawa haitazamiki. Mafuta ya kupikia yakilala ndani ya msumeno huganda, kwa hiyo baada ya kazi ilibidi uoshwe tena. Kutbuddin alilisema hilo kwa sentensi moja, na Chirau akamtazama kama anayetazama mgonjwa. Kisha akakata taratibu, akipumzika kila mara mnyororo upoe.

Hajrabai alitoka mwenyewe uani kukipokea kigogo. Akakiweka sakafuni jikoni, akapiga magoti, akaweka uso wake juu yake.

"Ni mkwaju," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mkwaju mtupu. Njoo unuse."

Kutbuddin akaketi sakafuni kando yake, akanusa.