Kuiongezea Memori Laptopu Nzee

Laptopu yangu ilikuwa na miaka saba, na kwa joto la Bura miaka saba ni uzee wa kutosha. Nasema Bura ya Fafi, si ile ya ng'ambo ya mto yenye mashamba. Niliinunua kwa marupurupu ya mazingira magumu, mwaka wangu wa pili pale, wakati walimu wenzangu wa kutoka bara walikuwa wakinunua ploti kwao. Mke wangu alininunia siku tatu. Ilikuwa laptopu ya gemu, nzito, yenye taa nyekundu chini ya vitufe, na aliyeniuzia aliapa kwamba hakuna mchezo utakaoishinda.

Sasa bawaba moja ilikuwa imekatika, na kioo kilisimama kwa kuegemezwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Betri ilivimba nikaitoa, kwa hiyo stima ikipotea, na huku hupotea bila kuaga, mchezo ulikufa pale pale. Feni ilinguruma kama kinu cha posho. Mashine ikishapata moto wachezaji walianza kukimbia kama waliozama matopeni. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, mwalimu wa hesabu, baba wa watoto watatu, na kila siku nilicheza mpira wa kwenye kioo. Anayetaka kucheka na acheke.

Sikucheza peke yangu. Jirani yangu, afisa wa mifugo na mzaliwa wa hapo hapo, alitoka msikitini kila siku baada ya swala ya alasiri na kuja moja kwa moja barazani kwangu. Ua wake na wangu ulitenganishwa na uzio wa miiba tu, na mama yake mzazi alitupitishia chai ya maziwa juu ya uzio huo, tamu mpaka meno yaume. Kwa saa mbili na nusu tulitukanana kwa mapenzi. Aliniita mwizi, nami nikamwita mchungaji aliyepoteza mbuzi wa watu, mpaka adhana ya magharibi ilipotuachanisha. Bila saa zile nisingemaliza hata miaka miwili Bura.

Toleo jipya la mchezo lilipotoka, jirani alilipata kwa ndugu yake mjini Garissa. Laptopu ililifungua, ikatuonyesha nyasi za kijani kibichi, kisha ikazima. Tukangoja ipoe, tukajaribu tena. Ikazima tena.

"Walaal, hii imechoka," jirani akasema, akiniita ndugu kwa Kisomali chake. "Ongeza memori. Ama nunua ingine."

"Nitafikiria."

"Nini ya kufikiria? Wewe si mwalimu ya hesabu?"

Nikafikiria wiki nne. Leo nilimwambia tuongeze memori na kubadilisha diski, ni nafuu. Kesho yake nilimwambia kumwekea mzee meno mapya hakumwondolei uzee, heri ninunue nyingine yenye betri nzima. Keshokutwa nilirudi kwenye memori. Yeye alidhani mimi ni bahili. Alianza kuulizia bei kwa niaba yangu, akija jioni na karatasi zenye maandishi yake makubwa, na mimi nilizipokea na kuziweka kwenye droo.

Kwenye droo hiyo hiyo, chini ya vitabu vya maazimio ya kazi, kulikuwa na fomu ya kuomba uhamisho. Nilikuwa nimeijaza yote. Ilibaki kuipeleka tu.

Nilikuwa nimechoka. Nilichoka na maji ya chumvi, na vumbi la kwenye ugali, na kuhesabu siku za likizo kama mfungwa. Nilipiga simu nyumbani mara moja nikamsalimia shemeji yangu kwa heshima zote, kumbe ni mwanangu wa mwisho, sauti imekuwa nzito nikiwa sipo. Nilicheka, nikakata simu, nikakaa kitandani muda mrefu. Kama ningerudi nyumbani, laptopu mpya ingekuwa ya nini? Kule kuna ng'ombe wa kukamua na vikao vya kanisa, na hakuna mtu wa kucheza naye. Kama ningebaki, ile kuukuu isingefika mwaka. Swali la laptopu lilikuwa ndilo swali la fomu, na nilikuwa nimelikalia.

Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa Alhamisi. Nikamwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikaitia laptopu kwenye katoni yake ya zamani kwa sababu ya mashimo ya barabarani, nikaifunga kwa kamba, nikapanda pikapu asubuhi mbele ya watu wote waliokuwa wakinywa chai hotelini.

Garissa nilianzia ofisini. Karani aligonga muhuri bila kuinua uso, akaitupa fomu yangu juu ya nyingine, akauliza kama kuna la ziada. Hakukuwa na la ziada. Nilitoka nikiwa na katoni begani, nikavuka kwenda kwa fundi.

Fundi alikuwa binti wa mji, amejitanda mtandio mweusi, mwenye bisibisi ndogo kuliko kalamu. Alifungua mfuniko wa chini, akaiinamisha mashine, na mchanga mwekundu ukamwagika mezani.

"Mwalimu, umebeba Bura yote kwa hii mashini," akasema.

Alinieleza taratibu. Memori angeweza kuongeza, diski angeweza kubadilisha, angeisafisha na kuipaka ile dawa ya kupunguza joto, lakini kifaa cha picha ndani ni kile kile na hakitabadilika. La sivyo alikuwa na nyingine dirishani, iliyotumika kidogo, nzuri. Kisha akaniuliza kwa upole, "Unataka ikae miaka ngapi?"

Jibu la kweli lilikuwa hadi mwisho wa mwaka.

"Ongeza memori," nikasema.

"Na bawaba?"

"Na bawaba."

Nilijiambia ni kubana matumizi. Vipuri vingetoka Nairobi, akaahidi kuituma kwa gari Jumanne.

Nilirudi Bura mikono mitupu, na hapo ndipo nilipokosea. Walimu wa bara wana namna yao ya kuondoka, na mji mzima unaijua. Kwanza inatangulia katoni yenye kitu cha thamani. Halafu mwenyewe anakwenda likizo. Halafu simu yake haishikwi, na mwenye nyumba anavunja kufuli. Mji ulikuwa umeniona nikienda na katoni na ukaniona nikirudi bila katoni.

Ijumaa jirani hakuja. Nilimsikia upande wa pili wa uzio akiongea na mbuzi. Jumamosi nayo hakuja. Jumapili nilipotoka ibadani nilimkuta mama yake mlangoni kwangu, amekaa kwenye kiti changu, na chombo chenye mfuniko mapajani. Kilikuwa na nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa juani, ikakaangwa na kuzamishwa kwenye samli. Ni kazi ya siku mbili tatu, na chakula hicho hufungiwa mtu anayekwenda mbali.

"Mwalimu," akasema, "wengine wanaenda na hawasemi kitu. Wewe tumekuona mchana. Hiyo ni heshima. Shika, ya njia."

Nikacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Hooyo, kompyuta imeenda kwa fundi tu! Jumanne inarudi."

Alinitazama. "Wallahi?"

Mimi ni Mkristo, na hata katika dini yangu sina mazoea ya kuapa. "Wallahi," nikasema. Na haukuwa uongo, kompyuta ilikuwa inarudi kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Yule mama alicheka mpaka machozi, akanipiga begani na ncha ya shuka yake. Nilipomrudishia chombo alikataa. "Haiharibiki hii. Siku ukienda utabeba."

Jumanne jirani alikwenda kuipokea laptopu mwenyewe. Aliibeba kichwani kupitia katikati ya soko, akisimama kwa kila aliyetaka kuuliza, akiwaambia kwamba mtu anayehama hatengenezi bawaba. Barazani tuliiwasha. Kioo kilisimama chenyewe. Nyasi zilionekana, wachezaji wakaingia uwanjani, wakaimba wimbo wa taifa, wakakimbia kama vijana. Jirani aliruka juu. Nilimpigia makofi, na moyo wangu ulikuwa mzito hata sikuionja chai.

Siku sita tulicheza hivyo. Kila siku nilisema kesho nitamwambia.

Siku ya saba tulikuwa mapumzikoni, yeye ananiongoza mabao mawili, akaanza kupanga. Memori ina nafasi nyingine moja wazi, akasema, baada ya mvua tutachanga tuijaze, na betri tutaagiza, na mwakani tutaalika watu wa zahanati tufanye ligi.

"Nimeomba uhamisho," nikasema.

Hakugeuka. "Unaenda Kenya?" Huku bara ndiko huitwa Kenya.

"Nyumbani. Wakikubali."

"Umeomba lini?"

"Alhamisi ile."

"Alhamisi ya kombyuta."

"Ndiyo."

Alihesabu siku kwa vidole. "Kabla ya kwenda kwa fundi, ama baada?"

"Kabla."

Sasa akanitazama. Hakuwa na hasira, na ningeipenda zaidi hasira. "Basi kwa nini ulitengeneza?"

Nilitafuta jibu la mtu mzima, la bei na vipuri. "Ili msiniulize," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akageukia kioo, akabonyeza kitufe cha kuanza kipindi cha pili. Dakika za mwanzo nilidhani memori imegoma tena, kwa sababu mabeki wake walikuwa wamesimama. Nikafunga. Nikafunga la pili, kipa wake akiwa ametoka nje kabisa ya eneo lake bila sababu. La tatu sikutaka kulifunga, lakini mpira uliniangukia miguuni na mbele hakukuwa na mtu. Mtu huyu hakuwahi kunipa bao la bure. Siku niliporudi kutoka kumzika baba yangu alinifunga matano na kunicheka, nami nilimshukuru moyoni, kwa sababu wengine wote siku hiyo walikuwa wakinisemesha kama mgonjwa.

Kipenga kilipolia alisimama. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kama wanavyowashika wageni, akaniambia nimecheza vizuri.