Blanketi la Wageni

Siku hiyo sijaisahau, mjukuu wangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kwetu Nyaramba watu walikuwa wanang'oa wimbi ili wapande majani chai. Ulikuwa mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa ukishuka alfajiri na hauondoki mpaka saa tano.

Mama alinituma nimpelekee maziwa jirani yetu Bosibori. Bosibori alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa imeungua na kila alichokuwa nacho, akahamia katika jiko la shemeji yake pamoja na mtoto wa wiki mbili. Nilimkuta mtoto huyo amefungwa kwenye gunia la mahindi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi.

Nyumbani tulikuwa na blanketi jekundu ambalo Baba alilinunua sokoni Keroka. Lilikuwa la wageni. Mchungaji akilala kwetu linatolewa, akiondoka linarudi sandukuni na dawa ya nondo. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Kesho yake, Mama alipokwenda sokoni, nililitoa nikampelekea Bosibori. "Mama amesema uchukue," nilimwambia, na uongo huo haukunikwama kooni hata kidogo.

Ijumaa, Mama alipokuwa akitayarisha Sabato ya kesho yake, alifungua sanduku akalikuta tupu. Shaka ikamwangukia dada yangu Moraa, kwa sababu alikuwa ameanza kuandikiwa barua na kijana fulani. Wakasema amempelekea blanketi. Moraa alichapwa, huku akilia kwamba hajui lolote. Mimi nilikuwa nje nachambua mboga, nikasikia kila fimbo, nikanyamaza. Mwanangu, nikitafuta kitu cha kuonea aibu katika mambo yote hayo, nakuta kimya kile. Blanketi silionei aibu.

Jumapili nilishindwa kuendelea kuficha, nikasema ukweli. Baba hakunipiga. Alikaa kwenye kiti chake, akasema polepole, "Kwamboka, nenda ukalilete."

"Siendi, Baba."

Mama aliacha kupepeta. Hakuna mtoto aliyewahi kumjibu Baba hivyo.

"Unasemaje?" Baba akauliza.

"Nichape, lakini siendi kumvua mtoto mchanga blanketi."

"Ulichotoa si chako," Baba akasema. "Katika nyumba hii mtoto hana mali."

Akasimama, akaenda mwenyewe. Alirudi nalo kwapani, limekunjwa vizuri, wala hakumtazama mtu usoni. Nakubali kwamba kulichukua ilikuwa haki yake, maana alilitolea jasho. Lakini nilimkasirikia, na nilikuwa na sababu.

Basi nikakumbuka kwamba mimi na Moraa tulikuwa na blanketi letu, kuukuu, tuliloachiwa na bibi yetu alipofariki. Hilo hakuna aliyeweza kusema si letu. Nikamfuata Moraa mtoni, nikamwomba msamaha kwanza. Kisha nikamwambia, "Nataka kumpa Bosibori letu. Nusu ni yako. Ukikataa, linabaki."

Alikuwa bado na alama za fimbo miguuni. "Tutalala na nini?"

"Magunia."

Tukaosha vyombo mpaka vikaisha. Ndipo akasema, "Tupeleke. Lakini safari hii tunapita mbele ya Baba."

Tukapita mbele yake, kila mmoja ameshika upande mmoja. Baba akauliza tunakwenda wapi. Moraa ndiye aliyejibu, "Tunapeleka kilicho chetu." Baba akavuta miguu yake, tukapita.

Tulilala kwenye magunia karibu mwezi mzima, tukiamka na alama za nyuzi mashavuni. Mama aliziona kila asubuhi. Siku moja, bila kumwuliza mtu, alifungua sanduku akatandika lile jekundu kitandani kwetu. Baba aliliona, akaendelea kula ugali wake. Mchungaji alipokuja tena, alijifunika koti la Baba. Na mtoto wa Bosibori aliishi.

Baba hakuwahi kuniambia kama nilikosea au nilifanya vyema. Mimi nimejiamulia mwenyewe, na sasa nakuambia wewe, hasa baada ya kusikia umegombezwa kwa kumpa mwenzako sweta yako ya shule. Watakuambia mtoto hana cha kutoa. Usikubali. Kilicho chako ukitoe, na baridi yake uivumilie wewe, usiende kulia kwa mama yako upewe kingine. Kilicho cha nyumba nzima, kiombe mbele ya nyumba nzima. Wakikunyima, bishana nao kwa heshima, tena ubishane kweli, lakini usikitoe kwa kujificha kama nilivyofanya mimi. Na mtu mwingine asiadhibiwe kwa jambo ulilofanya wewe, hata kama jambo lenyewe lilikuwa jema. Wakimshika, jitokeze saa hiyo hiyo. Usingoje Jumapili.

Nenda sasa, mama yako anakuita. Mungu akukuze, akupe mkono mwepesi wa kutoa na moyo usiotishika. Akupe na nyumba yako siku moja, na ndani yake watoto wasioogopa kukujibu.