Nilimpima Mama Mkwe Juu ya Kitenge

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijazunguka nikajikuta najitetea, maana kazi hiyo ya kujitetea nimeifanya muda mrefu na haijanisaidia kitu. Nimemkosea mama mzazi wa mke wangu. Mke wangu hajui. Najua mimi, na sasa wewe unayesoma.

Mimi ni muuguzi. Mwanamume, ndiyo, tuko wengi tu. Kwetu ni Nyakisasa, Ngara, lakini kazi naifanya upande wa Biharamulo, kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja kwa sababu wenzangu pale hawana kosa. Nilianza na cheti, baadaye nikarudi shule nikachukua digrii, na huko ndiko nilikofundishwa kumpima mgonjwa kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo. Unatazama, unapapasa, unagonga, unasikiliza. Nililipenda somo lile kuliko yote, na walimu waliisifu mikono yangu.

Niliporudi kazini nikapewa wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Ungenisikia ninavyojidai! "Nguo inatoka kwanza. Ukimpima mtu juu ya nguo, umepima nguo." Wanacheka, wanaandika. Na nilikuwa na jingine, naona aibu hata kulirudia: "Kwenye kitanda cha kupimia hakuna padri, hakuna mwenyekiti wa kijiji, hakuna mkwe. Kuna mgonjwa tu."

Hakuna mkwe! Mdomo wangu mimi ndio uliosema hivyo.

Kwa asiye wa huku, nieleze kidogo. Kwetu mama mkwe humzoei. Humshiki mkono, hukai naye mkeka mmoja, na ukimkuta njiani amejitwisha kuni unampisha, macho chini. Vijana wa siku hizi wengine wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, na mimi siwasemi. Lakini nyumba ya mke wangu, kule Bukiriro, siyo ya mambo hayo. Ni watu wa kanisani, watu wa kahawa na migomba, na mila wameishika vilevile walivyoishika rozari.

Mama mwenyewe ni mjane, mpole, na akiwa na wanawake wenzake ni mcheshi kweli. Mimi ananiita Baba Adela, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, ambalo hapa nimelibadilisha. Ananipenda. Nadhani hilo ndilo linaloniua zaidi.

Mwaka jana, maharage yakiwa yameshavunwa, alianza kulalamika bega. Mke wangu akampigia simu. "Mama, unahangaika nini na vidonge vya dukani wakati una mkwe ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya kupima? Njoo huku." Mama akasita, mke wangu akamkazania. Basi akapanda gari asubuhi hadi Lusahunga, akabadilisha, akafika kituoni kwetu na mfuko wa maparachichi. Ilikuwa siku ya gulio. Mke wangu anauza vitenge, hakuweza kuacha meza yake, akasema wataonana nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Nimekuja kukusumbua."

"Hapana mama, karibu. Kaa hapo."

Alikaa pembeni mwa kitanda cha kupimia, uso kaelekeza ukutani. Mimi nikaangalia dirishani. Watu wazima wawili, chumba kimoja, kila mmoja anaongea na upande wake!

"Bega lipi, mama?"

"La huku kushoto. Rinashuka hadi kwapani. Siwezi kurara ubavu huu."

"Kuna uvimbe wowote umeuona? Kwapani, au hapo kifuani?"

Akanyamaza. Ndugu yangu, ule ukimya nausikia mpaka leo. Alishika fundo la kitenge alichojitanda juu ya gauni, akalikaza, ndipo akajibu. "Ni bega tu, Baba Adela. Ni jembe."

Nilijua! Sitaki nikudanganye kwamba sikujua. Mama wa umri ule, maumivu yanayoshuka kwapani, ukimya ule, mkono ule uliokaza fundo. Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angejua kwamba hapo nguo inatoka. Nilipaswa kumwambia, mama samahani, mila tuiache nje ya mlango huu. Au nimwite Sista mwenzangu aliyekuwa wodi ya wazazi, mwanamke mwenzake, ampime yeye. Sista angekuja. Ningesubiri kidogo tu.

Sikumwita. Unajua kwa nini? Aibu. Kwanza aibu ya ukwe, na juu yake aibu ya mtaalamu, kwamba yule bwana wa "hakuna mkwe" ameshindwa na mkwe wake mwenyewe. Sista ana mdomo. Ingefika kwa wanafunzi kabla ya chai.

Basi nikampima mama mkwe juu ya kitenge. Presha, sawa. Joto, sawa. Mapafu nikayasikilizia mgongoni, kitambaa katikati. Bega nikalibonyeza kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu parachichi sokoni huku anamwogopa mwenye meza. Akaguna. Nikasema, "Ni misuli mama, punguza jembe." Nikampa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Akashukuru sana. Nilimwona alivyopata nafuu usoni, na mimi nilipumua, nikajiona nimevuka.

Mpaka hapo ungeweza kusema ni udhaifu wa kibinadamu. Ubaya wenyewe niliufanya jioni, nyumbani kwangu, mke wangu alipotoka gulioni.

"Umempima mama?"

"Nimempima."

"Vizuri? Maana huyu mama kwa kuficha namjua."

"Nimempima kila mahali. Hana kitu, ni misuli."

Kila mahali! Mungu wangu, ulimi huu! Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anamenya ndizi na wajukuu. Alisikia. Akainua kichwa kidogo, akainama tena, akaendelea kumenya. Tulikuwa tumeshakubaliana bila kusema neno, yeye afiche na mimi nimfichie.

Na lile neno langu likamfuata hadi Bukiriro. Bega lilipozidi alikwenda zahanati ya kwao, na muuguzi wa pale, dada mmoja makini, akamwambia avue amtazame. Mama akamjibu, "Mkwe wangu ameshanipima. Ana digrii." Yule dada angefanya nini? Akamwongezea dawa ya kuchua. Mke wangu naye kila akipiga simu alimwambia hivyo hivyo, mama si ulipimwa, endelea kujichua. Milango yote iliyokuwa wazi niliifunga mimi, tena nikiwa mbali, nimekaa zangu Biharamulo nakunywa chai!

Nilikuwa nauliza, sikatai. "Mama anaendeleaje?" Naambiwa hivyo hivyo tu. Halafu natafuta kazi ya kujishughulisha nayo. Mara nyingi niliwaza kusema, wacha aje tena, apimwe upya. Lakini ukisema apimwe upya utaulizwa ya kwanza ilikuwa nini. Nikaacha.

Krismasi tukaenda wote Bukiriro. Mama alikuwa amekonda hadi nguo zinamning'inia, na hakutaka kukumbatiwa na wajukuu. Mke wangu akasema leo namwogesha mwenyewe, atake asitake. Wakaenda kwenye bafu la nje, lile la kuta za majani ya migomba. Mara nikasikia naitwa. "Baba Adela! Baba Adela, njoo!"

Nilikimbia. Nikafika kwenye ule ukuta wa majani nikasimama. Sikuingia, ndugu yangu! Hata hapo sikuingia! Mke wangu akatoka, povu la sabuni mikononi, akanitazama kama mtu aliyeamshwa vibaya.

"Titi lina kidonda," akasema.

Tulizunguka hospitali mpaka Mwanza. Daktari alikuwa binti, mdogo kwangu kwa umri. Alimpima mama kwa mpangilio uleule ninaoujua kichwani, bila haraka, akimweleza kila anachofanya, na mama alitulia wala hakukataa chochote. Akatutoa nje tuongee.

"Muda wote huu hakuna mtu aliyewahi kumpima?"

Mke wangu akajibu haraka, tena kwa kunitetea. "Alipimwa, daktari. Mume wangu huyu ni muuguzi. Mwaka jana alimpima kila mahali, na wakati ule hakukuwa na kitu."

Daktari akanitazama. Nikageuza uso. Nadhani alielewa, maana alishusha macho akaniacha hivyo hivyo. Heri angeniumbua pale pale! Akaeleza kwamba ni saratani, imeshafika kwenye ini na mifupa, na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu na kusafisha kidonda kila siku.

Sikuuliza kama mambo yangekuwa tofauti angeletwa mapema. Mke wangu hakuuliza kwa sababu anaamini kwamba alipimwa. Mimi sikuuliza kwa sababu naogopa jibu, na bado naliogopa. Ninajiambia labda hata wakati ule ilikuwa imeshachelewa. Najiambia hivyo, kisha nakumbuka lile fundo la kitenge.

Sasa mama yuko kwangu. Mke wangu alijaribu kusafisha kidonda, akatapika, akalia, akajaribu tena, ikashindikana. Ukoo ukakaa. Mashemeji wakasema, kwani tunahangaika nini na muuguzi tunaye ndani ya nyumba? Na kaka yake mama, mkubwa wao, akanigeukia. "Mkwe, hili la mila tumelifungua. Mtibu mama yako."

Wamelifungua! Kwa sentensi moja, chai ikiwa bado ya moto kikombeni! Kumbe mwaka jana ningempigia simu tu yule mzee, angenijibu vilevile. Nilitamani kucheka, nikatamani ardhi inimeze.

Siku ya kwanza niliingia na beseni na bandeji. Mama akanitazama mara moja, akavuta kitenge akajifunika uso wote. Nikafungua. Sitakueleza nilichokiona. Nitakwambia tu kwamba mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, ile mikono iliyosifiwa, na haikuwa na faida yoyote tena.

Chini ya kitenge mama akasema, "Nisamehe, Baba Adela."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nini mama?"

"Nisamehe kwa kukuonyesha mambo haya. Wewe siku ire uliniheshimu. Hukutaka kuniaibisha. Sijasahau."

Nililia kimya kimya juu ya kidonda chake. Nilitaka kusema, mama, ile haikuwa heshima, nilikuwa naiokoa sura yangu. Sikuweza. Ukimwambia hivyo mtu anayekufa, unamwachia nini? Wageni wakija kumwona anawaambia, "Huyu mkwe Mungu ambariki, ana heshima kuliko hata niliowazaa." Wanatikisa vichwa, wananiangalia kwa upendo. Mimi naangalia chini, na wao wanadhani ni unyenyekevu!

Kwa mke wangu nilijaribu. Nilianza, "Mama Adela, ile siku nilipompima mama..." Akanishika kichwa akanikatiza. "Usijilaumu. Ulifanya ulichoweza." Akaniegemea begani, amechoka hoi, nami nikaishia hapo. Nikimwambia, atapoteza mama na mume kwa mkupuo mmoja. Hayo ndiyo nayasema. Lakini huenda najihurumia mimi tu, sijui, siwezi tena kutofautisha.

Kituoni nimeomba wanafunzi wapewe mtu mwingine. Juzi nilipita koridoni nikamsikia mmoja wao anamkosoa mwenzake, "Ukimpima mtu juu ya nguo, umepima nguo!" Wakacheka wote. Nikarudi nilikotoka.

Wauguzi wenzangu, nawasihi. Siku akija kwako mtu ambaye mikono yako haithubutu kumgusa, awe mkweo, awe mama yako, awe mwalimu aliyekufundisha kusoma, sema siwezi. Liseme kwa sauti, umwite mwenzako, uchekwe. Kicheko kingeisha wiki ile ile. Na hilo neno "nimempima," kama hujapima, lishike hapo hapo mdomoni hata likuchome, kwa sababu ukilitoa watu watalala nalo wakiwa na amani.

Na ninyi mama zetu, mkiulizwa kuna uvimbe, jamani, semeni. Msituonee aibu. Mkituonea aibu, na sisi tunawaonea, nani atabaki wa kuona ugonjwa?

Siombi unisamehe wewe msomaji, maana hukukosewa. Nimeandika kwa sababu nilitaka angalau mtu mmoja asiniite mwenye heshima.

Maji ya kusafishia kidonda yameshachemka, yanapoa. Naenda. Nitabisha hodi, nitasema shikamoo mama, naye ataitikia marahaba kutoka ndani ya kitenge. Halafu ataniomba msamaha, kama anavyoniomba kila asubuhi. Na mimi nitamjibu kama ninavyomjibu kila asubuhi, "Usijali, mama."