Siku Niliyowatafsiria Wazee Amerika

Haya nitayasema mwenyewe, maana nikinyamaza mtayasikia kwa Abdala, na Abdala akisimulia hunivua hata suruali. Mie niliaibika, jamani, mchana kweupe, Jumapili, mbele ya baba wa binti niliyemposa, na iliyoniaibisha ni redio yangu mwenyewe niliyokuwa naipenda kuliko chakula.

Enzi hizo za Mwingereza mie nilikuwa kuli bandarini Kurasini, nakaa Kinondoni, na redio niliinunua kwa baharia mmoja, ya betri, kubwa kama kabati la vyombo (ukiiwasha, kuku wa nyumba ya tatu wanaacha kutaga). Wenzangu walitaka taarabu za karibu, mie ugonjwa wangu ulikuwa sauti za mbali, nikitoka kazini nazungusha kile kifundo unywele kwa unywele, fyuuu, kwaaa, nikinasa sauti ya nchi nisiyoijua nashiba kama nimekula pilau. Na siri ya mbali ni waya, ukipanda juu ndivyo unavyovuta, na mtaani kwetu mnazi mrefu kuliko yote ulikuwa uani kwa Mzungu mmoja nyuma ya michongoma, basi siku moja kaenda kazini nikaukwea, nikafunga waya wangu, mrefu hata kunguru akiufuata lazima apumzike mara mbili. (Yeye naye alikuwa na waya juu ya paa, mie nikadhani anaanikia nguo.)

Tangu hapo kila Jumapili alasiri nikawa nampata Mzungu wa sauti nene, anaitaita kama mtu kapotelewa na mbuzi, anataja maneno na namba, ananyamaza kusikiliza, anaita tena. Nikasema hii Amerika. Ilisikika safi kama mtu yuko uvunguni mwa kitanda, na hapo ndipo ilinipasa nishtuke, lakini nikajisifu kwamba huo ndio ufundi wa waya, nikaenda kutangaza mtaa mzima.

Sasa nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Kibwana, fundi cherehani, namtaka binti yake Mwanaidi, na mzee akamjibu mjomba wangu kwamba kijana hana ubaya, ila watu wanasema eti anaisikia Amerika, na yeye mwanawe hampi muongo. Mjomba akaniambia hapo hakuna dawa ila mzee asikie kwa masikio yake.

Jumapili akaja, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na wazee wenzie wanne, na muuza kahawa na birika lake, na nusu ya Kinondoni imejazana barazani kwangu. Mwanaidi na wenzie wako upenuni wanajifanya wanachambua mchele. Saa kumi, Amerika ikaja. Mzee Kibwana akatoa macho. Kazi ilikuwa imekwisha pale, ningeufunga mdomo ningekwenda zangu kununua kitanda.

Mzee akauliza, "Anasemaje?"

Kizungu changu mie ni cha bandarini, cha kuinua na kutukanwa, lakini mwanamume ataanzaje kusema hajui mbele ya mkwe? Nikasema anasema kwao baridi, kuku wameganda viotani. Wazee wakasikitika. Nikaona inaingia, nikaongeza kwamba anawasalimu wazee wa Kinondoni.

"Kinondoni anaijua?"

"Baba, huyu anaijua dunia nzima."

Utamu ukanizidi. Nikasema anasema kijana anayemsikia kutoka mbali namna hii, huko kwao haachwi bila mke hata wiki moja. Mzee akatabasamu, wallahi nililiona jino, na upenuni mchele wote ukamwagika kwa kicheko.

Mara Amerika ikakatiza maneno. Tukasikia mlango unafunguliwa, humo humo redioni, na mtu anasema kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Bwana, nimeuona ule waya. Umefungwa kwenye mnazi wetu, unakwenda mpaka uswahilini."

Na Mzungu wangu wa sauti nene akajibu, "Kata, Abdala. Kata yote."

Muuza kahawa akaweka birika chini polepole. "Huyo si Abdala mpishi wa yule Mzungu wa hapo nyuma? Amekwenda lini Amerika, na asubuhi kanywa kahawa yangu?"

Mie bado nahangaika. "Kina Abdala wako wengi, hata huko..."

Sikumaliza. Redio ikafifia kama mtu anayetumbukia kisimani, na waya ukalegea, ukashuka juu ya paa, ukateleza, ukatua juu ya kofia ya Mzee Kibwana. Kidogo tu, Abdala huyo anatokea kwenye michongoma, aproni kiunoni, panga mkononi, anakunja waya mkononi huku anaufuata kama mtu anayefuata kamba ya ng'ombe.

"Asalaam aleikum. Nani mwenye mali hii, inayomvuruga bwana kila akiwaita wenzie hewani?"

Waya ulijibu wenyewe, umepita juu ya kichwa cha mkwe ukaingia moja kwa moja kwenye kabati langu.

Mzee Kibwana akajitoa waya kofiani, akasimama. "Sanduku halina kosa," akasema. "Limesema kweli mpaka mwisho." Akaenda zake, na Mwanaidi nyuma yake na ungo wake mtupu.

Miezi sita nilikwenda kumwamkia kila Ijumaa, na kila nikisema shikamoo ananitega. Kesho mvua itanyesha? Bei ya khanga itapanda? Mie, "Sijui, baba." Mwezi wa saba akanioza. Abdala alikula sahani tatu za pilau harusini, akisema ametoka mbali.

Redio siku hizi iko kwa mkwe, juu ya meza ya cherehani. Tukikaa jioni akiizungusha ananigeukia, "Anasemaje?" Na mie, hata kama mtangazaji anasoma habari kwa Kiswahili, neno kwa neno, taratibu, najibu sijui, baba.