Njiwa Waliohamishiwa Bytom

Erwin Kulik alianza kushuka mgodi wa makaa ya mawe ndevu hazijamwota, akastaafu kifua kikikoroma kama birika jikoni. Mtaani kwetu Ruda, kwenye zile nyumba za matofali mekundu, wanaume wengi walikuwa hivyo, hakuna aliyeshangaa. Kilichomtofautisha Erwin ni ukimya. Mkewe, Truda, alikuwa akisema kwamba nyumbani kwake chakula huliwa kikaisha bila mtu kuomba hata chumvi.

Mwanawe wa pekee, Gerard, alikua akimwogopa. Siku moja alipanda darini kwa kunyata, kwenye banda la njiwa, akamkuta baba yake amempakata kinda mgonjwa, akimlisha punje zilizolainishwa mdomoni mwake mwenyewe. Erwin hakumfukuza. Alimwonyesha tu namna ya kumshika ndege, miguu katikati ya vidole na gumba juu ya mgongo, halafu akamwachia.

Tangu hapo wakawa na la kuongea. Waliongea juu ya mbawa, macho, upepo wa magharibi. Jumapili za mashindano ya kurudi nyumbani, njiwa wakishafunguliwa huko Ujerumani, wawili hao walisimama uani wakitazama juu mpaka shingo zikakakamaa.

"Njooni mle, mabwana zangu," Truda aliwaita dirishani. "Supu haina mabawa, haitawafuata huko."

Gerard akawa fundi umeme, akaoa, akahamia mtaa wa pili. Bado kila akitoka kazini alipitia kwanza darini kwa baba yake, ambako jike mmoja wa kijivu alikuwa kipenzi cha mzee.

Kisha kifua cha mzee kikazidi. Daktari alisema vumbi la makaa lilishafanya yake, na sasa vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa ndilo linalommalizia. Akiwaacha ndege atapata miaka kadhaa, asipowaacha, asihesabu. Erwin alivaa kofia yake, akarudi nyumbani, akapanda darini.

Gerard alimsihi. Alijitolea kuwatunza peke yake, mzee awe anawatazama tu kutoka uani. Erwin aliitikia, lakini Gerard akiondoka tu, yeye huyo ngazini. Mwishowe Truda alimkuta amelala chini ya ngazi, midomo imekuwa ya buluu.

Erwin alipokuwa bado hospitali, Gerard aliwatia njiwa masandukuni, akawapeleka kwa mfugaji mmoja wa mji jirani wa Bytom, jina lake Hubert. Halafu akabomoa banda.

Mzee aliporudi hakupanda juu. Alisikiliza tu, hakuna mlio huko juu, akaketi jikoni.

"Wako wapi?"

"Kwa Hubert, baba. Anawatunza vizuri."

"Na yule jike wa kijivu?"

"Wote."

Erwin alivuta pumzi muda mrefu. "Ungeniacha nife nao."

"Nilitaka uishi, baba."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuwashika," alisema mzee.

Daktari hakukosea. Kifua kilipata nafuu, Erwin akaishi miaka minne mingine. Gerard alikuja kila Jumapili, akala kabichi nyekundu ya mama yake, akaleta karata, akawasha mpira kwenye televisheni. Mzee alicheza karata bila kumtazama usoni.

Masika moja yule jike wa kijivu alimtoroka Hubert. Alitua juu ya vigae vya nyumba ya mzee, akawa anatembea huku na huku akitafuta mlango ambao haukuwepo tena. Gerard alipanda na punje, akamkamata, akamleta mpaka mlangoni pa jikoni.

"Baba, mshike kidogo."

Erwin alimtazama ndege. Mkono wake uliinuka juu ya meza, ukarudi chini.

"Si mlisema vumbi litaniua," alisema. "Mrudishe kwa mwenyewe."

Gerard alimrudisha Bytom jioni hiyo hiyo, na njia nzima, alivyomsimulia mama yake, ndege alikuwa ametulia mapajani mwake kama mgonjwa.

Erwin alifariki majira ya baridi, kitandani kwake, akipumua taratibu. Baada ya maziko wazee wa chama cha wafugaji wa njiwa walimjia Gerard, wakamwahidi makinda wawili wa ukoo wa njiwa wa baba yake. Aliwashukuru, akasema hana pa kuwaweka. Walipoondoka, Truda alimuuliza kama anajuta kuwaondoa wale njiwa.

"Hapana, mama," alisema Gerard. "Ningefanya vile vile." Akaegemea ukuta wa ngazi, akalia mpaka majirani tukafunga milango yetu ili asione haya.